Buildroot, OpenWrt au Yocto: Maktaba Ndogo ya Usimbaji Fiche Uifungashe Wapi?

Kisanduku ninachokizungumzia kimetundikwa ukutani ndani ya ghala la korosho, kando ya mzani. Kina bodi ndogo ya Linux, laini ya simu na betri. Karani akipima gunia, kisanduku kinasoma uzito, kinauunganisha na namba ya mkulima, kinasimba taarifa hizo kwa ufunguo wake, kinatia saini, kisha kinazituma kwenye seva. Jina la mkulima, simu yake, kilo zake na malipo yake ni taarifa binafsi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, kuzipeleka hewani zikiwa wazi ni jambo unaloweza kuulizwa kisheria.

Maktaba yenyewe ya kusimba haikupi taabu sana. Sehemu kubwa ya kazi zetu huku Mtwara na Lindi hutosheka na libsodium, iliyoanzishwa na Frank Denis mwaka 2013 juu ya msingi wa maktaba iitwayo NaCl, au Monocypher ya Loup Vaillant, ambayo yote kwa yote haifiki mistari 2,000 ya C. (Kama unahitaji TLS kamili (itifaki inayolinda mawasiliano ya wavuti) ili kuongea na seva ya HTTPS, hizi mbili hazitoshi. Tazama Mbed TLS au wolfSSL. Mengi ya hapa chini yatakufaa vilevile.) Vijana wengi wanaonijia hukwama hatua inayofuata. Maktaba inafanya kazi vizuri kwenye laptop, lakini sasa inatakiwa iingie ndani ya mfumo endeshi wa bodi, ikompailiwe kwa prosesa nyingine, na iweze kubadilishwa siku ikipatikana na kasoro. Hapo ndipo wanapouliza: niifungashe kwa Buildroot, OpenWrt au Yocto?

Hizi ni zana tatu za kujengea Linux ya vifaa vidogo: unazipa msimbo, zinakupa imeji, yaani faili moja yenye mfumo mzima wa kuweka kwenye bodi. Buildroot ilianza mwaka 2001. OpenWrt ilizaliwa mwaka 2004 kutokana na msimbo wa ruta ya Linksys WRT54G. Yocto ni mradi uliotangazwa mwaka 2010 chini ya Linux Foundation. Nimefanya kazi na zote tatu, na kila moja imewahi kunifaa pale ambapo nyingine zilinishinda.

Vigezo nilivyotumia

Nimezipima kwa mambo matano: kazi ya kuandika kifurushi chenyewe; bando, diski na umeme unaohitajika; uhakika wa chanzo cha msimbo; namba za nasibu kifaa kinapowaka; na siku ya kiraka, yaani siku ambayo kasoro imetangazwa na visanduku vyako viko mbali. Ukubwa na leseni nitavigusa kwa ufupi.

Nikuambie mapema kwamba hicho cha mwisho kati ya vitano ndicho kizito kwangu, upime maneno yangu ukilijua hilo. Mapema Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kutoka Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga. Tarehe 12 mwezi huohuo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, intaneti ikalala karibu nchi nzima. Katika wiki hizo mbili hatukuweza kumtuma fundi kwa barabara wala kuvuta faili kutoka nje. Tangu hapo, mfumo wowote wa kujenga naupima kwa swali moja: leo ikitangazwa kasoro, naweza kutengeneza imeji iliyosahihishwa kwa vitu vilivyomo humu chumbani, na kisanduku cha Newala kinaweza kuipokea kwa salio kililonalo?

Kuandika kifurushi

Kwa *Buildroot*, kifurushi ni folda moja yenye faili tatu: Config.in inayokiingiza kwenye menyu, faili ya .mk inayoeleza namna ya kukijenga, na faili ya .hash yenye heshi, yaani alama fupi inayokokotolewa kutokana na faili na kubadilika faili likibadilika. libsodium imo tayari, unaiwekea alama kwenye menyu tu. Monocypher utaiandika mwenyewe, na .mk yake ni mistari kumi na kitu. Iweke kwenye folda yako ya nje kupitia BR2_EXTERNAL, usiichanganye na msimbo wa Buildroot, vinginevyo siku ya kupandisha toleo utatafuta mabadiliko yako kama sindano kwenye mchanga. Mtego wa wanaoanza ni mstari mmoja unaosahaulika: INSTALL_STAGING lazima uwe YES. Ukiuacha, maktaba inajengwa vizuri kabisa na inaingia kwenye imeji, lakini programu inayoihitaji inalalamika kwamba faili ya .h (faili ya kichwa inayotaja kazi za maktaba) haionekani. Nimeona mtu akihangaika siku nzima na kompaila ambayo haikuwa na kosa lolote.

Kwa *OpenWrt*, yote yamo ndani ya Makefile moja. Mtego ni uleule ila umevaa kanzu nyingine: sehemu inayoitwa Build/InstallDev ndiyo inayowapa jirani faili za vichwa, na ukiisahau utakutana na lalamiko lilelile. Ninachokipenda zaidi kwake ni ABI_VERSION. Maktaba inabeba namba ya kiolesura chake kwenye jina la kifurushi, hivyo programu iliyojengwa kwa maktaba ya zamani haiwekwi juu ya mpya bila kujulikana. libsodium nayo imo kwenye orodha ya vifurushi vyake, ikiwa na chaguo la toleo lililopunguzwa kwa ajili ya ruta ndogo.

*Yocto* inataka ujifunze kwanza. Kifurushi kinaitwa resipi, resipi inakaa ndani ya tabaka, na kuna maneno mengi ya kukariri kabla hujaona matunda. Wiki ya kwanza mtu huona kama anaadhibiwa. Lakini ukiisha kuizoea, inakufanyia mambo ambayo kwingine unayafanya kwa kukumbuka. Vichwa inavitenga yenyewe kwenye kifurushi cha -dev na kuwapelekea wanaovihitaji. Halafu inakagua. Maktaba nyingi ndogo zina Makefile iliyoandikwa kwa ajili ya laptop ya mwandishi, isiyojali LDFLAGS (bendera za hatua ya mwisho ya kuunganisha programu) unazoipa. Buildroot na OpenWrt zinaweza kuipitisha hivyohivyo. Yocto inasimamisha ujenzi na kukuambia kwamba faili la ELF (programu au maktaba iliyokwisha kukompailiwa) halikupewa LDFLAGS. Kwa maktaba ya kusimba ukali huo una thamani, kwa sababu bendera unazozipoteza hapo mara nyingi ndizo zile za kinga. libsodium utaikuta kwenye meta-openembedded.

Bando, diski na umeme

Tofauti hapa ni kubwa, na kwa mtu wa huku inaweza kumaliza mjadala kabla haujaanza.

Mwongozo wa Yocto wa toleo la Scarthgap unataka angalau GB 90 za nafasi kwenye diski na RAM ya GB 8. Kwenye laptop ya kawaida ujenzi wa kwanza unakesha. Umeme ukikatika katikati si mwisho wa dunia, kwa sababu BitBake, injini ya Yocto ya kujenga, inakumbuka kazi zilizokamilika na kuendelea kuanzia hapo, na matokeo yake hukaa kwenye hifadhi ya sstate ambayo mnaweza kushirikiana ofisini. Ujenzi wa pili na wa tatu ni mwepesi ajabu ukilinganisha na wa kwanza.

Buildroot ni nyepesi zaidi kwa kila kipimo. Imeji ndogo inajengwa ndani ya saa chache hata kwenye mashine ya zamani, na nafasi inayokula haikulazimishi kununua diski mpya. Umeme ukikatika inaendelea na kifurushi kilichofuata. Kile kilichokatiwa njiani ukifute kwa dirclean, usikiamini.

OpenWrt ndiyo nafuu kuliko zote kwa anayefungasha maktaba moja tu, kwa sababu ya SDK yake, yaani seti ya zana za kujengea. Unapakua tarbali moja (faili moja lililofungasha faili nyingi) yenye kompaila iliyokwisha kujengwa kwa ajili ya prosesa ya ruta yako, unaweka Makefile yako, na baada ya dakika chache una kifurushi mkononi bila kujenga mfumo mzima. Kijana mwenye laptop ya GB 4 na bando la usiku anaweza kuifanya kazi hii. Nimeiona ikifanyika kwenye meza ya baraza, Ligula mjini Mtwara, kabla ya chaji ya laptop kuisha.

Zote tatu zinakuruhusu kuvuta vyanzo vyote mapema na kujenga bila mtandao. Kwa Buildroot unaandika make source, kwa OpenWrt make download, kwa Yocto bitbake --runall=fetch na jina la imeji. Folda ya vyanzo tunaihifadhi kwenye diski ya nje, na kila tukimaliza tunazima data kabisa na kujenga upya tuone kama kuna kitu bado kinalilia intaneti. Yocto ina kufuli rasmi kwa jambo hili, BB_NO_NETWORK. Kwa hizo nyingine unachomoa modemu. Fanya jaribio hilo kabla ya msimu kuanza mwezi wa kumi, usingoje siku ya shida.

Uhakika wa chanzo

Mfumo wowote kati ya hii mitatu unalinganisha heshi ya faili uliyopakua na ile uliyoandika. Watu wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza. Kumbuka yaliyotokea Machi 2024 kwa xz, programu ya kubana faili. Mwanaprogramu Andres Freund aligundua mlango wa nyuma katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1, na sehemu ya hila ile ilikuwa ndani ya tarbali ya toleo, kwenye faili ya m4 ambayo haikuwemo kwenye git, hazina ya wazi ya msimbo wake. Mtu aliyeipakua tarbali ile na kuandika heshi yake aliandika heshi sahihi kabisa ya faili chafu.

Kwa hiyo swali la maana ni heshi umeipata wapi. Buildroot ina desturi nzuri hapa: juu ya kila heshi unaandika maoni yanayosema imetoka kwa mwenye maktaba au umeikokotoa mwenyewe. Anayekuja baada yako anasoma na kujua uzito wake. Faili hiyohiyo inabeba pia heshi ya faili ya leseni. Udhaifu wake ni kwamba kifurushi chako mwenyewe kisipokuwa na faili ya .hash, kwa kawaida ukaguzi haufanyiki kabisa.

OpenWrt inaweka PKG_HASH ndani ya Makefile, na inakubali neno skip mahali pa heshi. Ukiliona neno hilo kwenye kifurushi cha usimbaji fiche, acha kila kitu urekebishe. Kwa upande mwingine, orodha zake za vifurushi zinasainiwa (katika matoleo hadi 24.10 kwa usign, inayotumia saini za Ed25519), hivyo kisanduku kinaweza kujua kama kifurushi kilichoshuka kimetoka kwenu au kimechomekwa njiani.

Yocto inagoma kuendelea bila sha256sum ya tarbali, na ukitumia git unataja SRCREV, namba kamili ya badiliko. Kuna njia ya mkato inayoitwa AUTOREV inayochukua lililo jipya kila mara. Ni nzuri kwa majaribio, ila kwenye imeji inayokwenda kwa mkulima isiwepo.

Kwa libsodium toleo linasainiwa kwa minisign, programu ndogo ya kutia saini faili. Thibitisha saini hiyo kwenye laptop yako kwanza, ndipo uandike heshi. Ni dakika tano, na hakuna mfumo utakaokufanyia.

Namba za nasibu kifaa kinapowaka

Sehemu hii watu huipita, nami niliipita mpaka siku moja mlinzi wa ghala aliponipigia.

"Mwanangu, hili sanduku lenu limeamka lakini halisemi."

"Shikamoo mzee. Taa ya kijani inawaka?"

"Marahaba. Inawaka. Ila kwenye simu ya karani hakuna kitu, na watu wameshapanga magunia."

Kisanduku hakikuwa kibovu. Kilikuwa kinasubiri. libsodium inapoanza kwenye Linux husubiri keneli (kiini cha Linux) ikusanye nasibu ya kutosha, na inafanya hivyo kwa haki, kwani ufunguo uliotengenezwa kwa nasibu hafifu ni sawa na kutokuwa na ufunguo. Bodi yetu haikuwa na kibodi wala diski inayozunguka, na keneli tuliyopewa na muuza bodi ilikuwa ya mfululizo wa 4.9. Kwenye hali hiyo kusubiri kunaweza kuchukua dakika nyingi. Keneli ya 5.4 na kuendelea hujitafutia nasibu kutokana na mtetemo wa saa ya prosesa, na tatizo hili kwa kiasi kikubwa huondoka. Monocypher yenyewe haikupi namba za nasibu kabisa. Unaita getrandom, kazi ya keneli ya kutoa namba za nasibu, iliyoingia Linux tangu 3.17 mwaka 2014, na utasubiri vilevile.

OpenWrt imelifikiria hili tangu zamani kwa sababu ruta hazina kibodi: inakuja na urngd, programu ndogo ya kukusanya nasibu mapema. Kwa Buildroot kuna skripti ya kuhifadhi mbegu ya nasibu kati ya kuzima na kuwasha, na unaweza kuongeza rng-tools au haveged kwenye menyu, lakini uamuzi ni wako. Yocto ni hivyohivyo: vifaa vipo, rng-tools mojawapo, na ukitumia systemd mbegu inahifadhiwa, ila hakuna atakayekukumbusha.

Kwa yoyote utakayochagua, usiweke ufunguo wala mbegu ndani ya imeji. Ukinakili kadi moja kwenye visanduku thelathini, vyote thelathini vitakuwa mtu mmoja. Kila kisanduku kitengeneze ufunguo wake kikiwaka mara ya kwanza, kikiwa bado mezani kwako, ndipo kipande gari.

Siku ya kiraka

Maktaba nzuri pia huvuja. Aprili 2014 dunia nzima ilihangaika na Heartbleed, kasoro ya maktaba ya OpenSSL. Monocypher, ndogo na safi kama ilivyo, mwaka 2018 ilikutwa inaikubali saini yenye sifuri tupu kuwa halali. Mwandishi wake alilitangaza waziwazi na kulirekebisha, na kwa hilo namheshimu. Kwako wewe mfungashaji siku kama hiyo ina maswali mawili: je, marekebisho yameingia kweli kwenye imeji, na je, yanafikaje ghalani?

Swali la kwanza nilifundishwa na Buildroot. Tulikuwa tumefungasha Monocypher kwa namna ya kumezwa, yaani msimbo wake unaingia ndani ya programu yetu wakati wa kujenga na hakuna faili la .so (maktaba ya kushirikiana) peke yake. Nilipandisha toleo, nikaandika make, imeji mpya ikatoka bila kosa. Kabla ya kuituma nikalinganisha programu yetu ya sasa na ya wiki iliyopita kwa sha256sum. Heshi ilikuwa ileile, herufi kwa herufi. Maktaba mpya ilikuwa imejengwa, lakini programu iliyoimeza ya zamani haikuguswa. Mwongozo wa Buildroot unalisema hili bila kuficha: mfumo haujaribu kugundua nini kinatakiwa kujengwa upya baada ya badiliko. Dawa ni kujenga imeji ya kutoa kwa make clean all kila mara, hata kama ni saa tatu zimepotea, au kuifungasha maktaba kwa namna ya kushirikiana ili badiliko liwe kwenye faili moja.

Yocto haingekubali kosa lile litokee. Kila kazi ina alama inayotokana na vitu vyote inavyovitegemea, kwa hiyo resipi ya maktaba ikibadilika, kila aliyeitegemea anajengwa upya mwenyewe. Kwangu hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kuvumilia uzito wake. OpenWrt iko katikati: ukitumia maktaba ya kushirikiana na ABI_VERSION uko salama, lakini kwa maktaba ya kumezwa, pandisha PKG_RELEASE (namba ya toleo la kifurushi) ya programu yako kwa mkono wala usitegemee bahati.

Swali la pili ni la njia. Barabara ya kutoka Mnivata kupanda Tandahimba hadi Newala mvua ikinyesha inajua yenyewe itakuruhusu lini. Hivyo marekebisho yanasafiri kwa laini ya simu, na kila megabaiti ina bei.

OpenWrt inaweza kupeleka kifurushi kimoja tu. libsodium peke yake ni chini ya megabaiti moja, inashuka hata kwenye mtandao wa 2G wa kuchechemea. Lakini kifurushi kipya kinaandikwa juu ya tabaka la ziada huku cha zamani kikibaki kwenye sehemu isiyofutika, hivyo nafasi inaliwa mara mbili. Tena umeme ukikatika wakati wa kuandika imeji nzima kwa sysupgrade, ruta nyingi hazina pa kurudi. Utalazimika kwenda.

Buildroot haina vifurushi kwenye kifaa, na hilo limeamuliwa kwa makusudi: imeji ni kitu kimoja. Unapeleka imeji nzima, kwa kawaida ukitumia RAUC au SWUpdate, zana za kusasisha imeji zenye nafasi mbili, kisanduku kinawaka kwenye mpya na ikishindikana kinarudi kwenye ya zamani. Umeme ukikatika hupotezi kitu. Unalipa kwa bando, ingawa zana zote mbili zina njia ya kupeleka tofauti tupu kati ya imeji ya zamani na mpya.

Yocto inakupa yote mawili, vifurushi au imeji yenye nafasi mbili, na kazi ya kuamua na kutunza ni yako. Timu ndogo ikichagua yote mawili kwa pamoja huishia kutojua kisanduku kipi kina nini.

Kuna pia muda wa kutunzwa. Yocto Scarthgap, iliyotoka Aprili 2024, inatunzwa hadi Aprili 2028, misimu minne ya korosho bila kuhama. Buildroot inatoa toleo kila miezi mitatu, na la Februari ndilo hutunzwa kwa muda mrefu. OpenWrt inatembea haraka zaidi, na matoleo ya nyuma hayangojewi sana. Ilimradi libsodium imo humo, mwingine atapandisha toleo kwa niaba yako. Kifurushi ulichoandika mwenyewe hakuna atakayekiangalia. Wala zana za kukagua orodha ya CVE (kasoro za usalama zilizotangazwa) hazitakiona vizuri usipoiandikia utambulisho wake: PKG_CPE_ID kwa OpenWrt, CPE_ID kwa Buildroot, CVE_PRODUCT kwa Yocto.

Ukubwa na leseni, kwa ufupi

OpenWrt inatumia musl, maktaba ndogo ya msingi ya C, na imezoea kubana. Hata hivyo vifaa vya flashi ya MB 4 na RAM ya MB 32 ilishaviacha. Buildroot inakuachia uchague kati ya glibc, musl na uClibc-ng na inatoa imeji ndogo sana ukijua unachofanya. Yocto inaanza nzito ila inapunguzika. Kwa libsodium, chaguo la --enable-minimal linapatikana kote.

Kwa leseni, libsodium ni ISC na Monocypher ni BSD au CC0, hazina masharti mazito. wolfSSL ni GPL au ya kulipia, kwa hiyo soma kabla ya kuuza kifaa. Yocto inasimamisha ujenzi maandishi ya leseni yakibadilika, Buildroot inakukusanyia yote kwa make legal-info, na OpenWrt inategemea ulichokitangaza.

Kwa hali yako

Kama kifaa chako ni ruta iliyonunuliwa dukani, inayokusanya taarifa za mizani kadhaa na kuzituma, OpenWrt ndiyo njia fupi. Tumia SDK, fungasha libsodium kwa namna ya kushirikiana, weka seva yenu ya vifurushi vilivyosainiwa, na punguza sana kugusa imeji nzima ya kifaa kilicho mbali. Ndivyo ningemshauri pia mwanafunzi mwenye laptop moja na bando la kubahatisha.

Kama ni bodi ya aina moja, programu moja, watu wawili au watatu, na visanduku vinavyokaa mahali ambapo umeme unakatika ovyo, Buildroot yenye nafasi mbili inakaa vizuri. Ujue tu kwamba make clean all ni sehemu ya kazi. Kama visanduku vyako vinakula bando la mkulima au la chama, hesabu kwanza ukubwa wa imeji mara idadi ya vituo kabla ya kuahidi lolote.

Kama mna bodi za aina mbili tatu, mmesaini mkataba wa kuvitunza visanduku kwa miaka, na mnaye mtu anayeweza kukaa na mfumo wiki mbili akijifunza bila kusumbuliwa, Yocto inalipa. Nunueni diski na RAM kabla ya kuanza, na mjenge sstate ya pamoja. Bila mtu huyo, msianze. Nimewaona waliobaki na tabaka ambalo hakuna aliyeweza kulijenga baada ya mwenzao kuhamia Dodoma.

Kama muuza bodi amekupa mfumo wake tayari, angalia keneli kabla ya kuangalia kitu kingine. Ikiwa ya zamani kuliko 5.4, pima kisanduku kinachukua muda gani kuanzia kuwaka hadi libsodium iwe tayari, bila kibodi, bila kebo ya mtandao, kama kitakavyokuwa ghalani. Matokeo yakikutisha, hama mapema.

Na kama bado huna hata kisanduku kimoja kazini, zote tatu zinajenga imeji ya QEMU (kompyuta ya kuigiza) inayowaka ndani ya laptop. Fungasha libsodium 1.0.19, andika programu ndogo inayoitumia, kisha panda hadi 1.0.20 ukiwa umezima data. Chukua sha256sum ya programu na ya maktaba kabla na baada, uone kilichobadilika na kisichobadilika kwenye kila mfumo. Ni kazi ya mwisho wa wiki moja kwa Buildroot na OpenWrt, na mbili kwa Yocto.